Baba anapasuliwa ngiri Lamu, na nyumbani ni Faza

*"Assalaam aleikum. Baba ana miaka 66. Ana mshipa upande wa kulia tangu miaka minne iliyopita, na sasa ukishuka hufika mpaka kwenye korodani. Amepewa tarehe ya kupasuliwa hapa Lamu, Jumatano ijayo. Ana presha na sukari, anameza amlodipine na metformin. Tumeambiwa asile kitu tangu usiku, lakini sukari ikishuka hutetemeka. Mwenyewe anaogopa sindano ya mgongo. Anasema rafiki yake alidungwa na tangu hapo hawezi kukaa barazani nusu saa. Jirani yetu anasema akishapasuliwa asipewe maji, wala samaki, wala mayai, na kidonda kisiguswe na maji mpaka kikauke. La mwisho: twakaa Faza, kisiwani Pate, na wametuambia huenda akaruhusiwa siku hiyo hiyo. Tumpandishe boti jioni ile ile? Mimi ndiye nitakayemwangalia."*

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalotaka kupangwa mapema. Hapana, msimpandishe boti jioni ile. Tafuteni jamaa mjini wa kuwapa chumba kwa siku mbili tatu, na kiwe cha chini ikiwezekana, maana ngazi za nyumba zetu za mawe ni mlima kwa mtu aliyeshonwa kinena. Kuruhusiwa kutoka wodini si kuruhusiwa kupanda boti. Sababu nitaieleza ikifika zamu yake.

Watu wetu huita "mshipa" kila kinachovimba chini ya kitovu, na jina hilo limewapoteza wengi. Alichonacho babako, kwa maelezo yako, ni ngiri. Si mshipa, na wala si busha. Busha ni maji yanayojaa kuzunguka korodani, na pwani hii mara nyingi hutokana na minyoo ile ile ya matende inayoletwa na mbu. Ngiri ni jambo jingine kabisa. Ukuta wa tumbo umesukwa kama jamvi, na pale kinenani kila mwanamume ana sehemu ambayo ukili umelegea, njia ambayo korodani ilipitia kushuka kabla hajazaliwa. Umri, kikohozi, magunia ya miaka mingi na kujikamua chooni huilegeza zaidi, mwishowe kipande cha utumbo kikapata pa kupenya. Ndiyo maana akilala hurudi, akisimama hushuka. Hakuna mafuta ya kukandia yatakayolisuka upya jamvi hilo. Anayekanda anausukuma utumbo tu, na akiusukuma vibaya huuumiza. Mpasuaji huurudisha ndani kisha huziba tundu, mara nyingi kwa kushonea kiraka cha wavu laini ambacho nyama huota ndani yake na kukishika.

Hapo hapo nikupe onyo moja, maana Jumatano bado haijafika. Ikiwa uvimbe utakuwa mgumu, umuume sana, usirudi hata akilala, na aanze kutapika, msingoje tarehe. Huo ni utumbo ulionaswa na unaweza kukosa damu. Hata ikiwa ni usiku wa manane na kuna kusi, mwamsheni mwenye boti.

Sasa kufunga. Wengi hudhani tumbo huachwa tupu ili lisiwe chafu likipasuliwa. Sababu ni koo. Ukiwa macho, koo lina mlinzi: tone la maji likikosea njia, unakohoa. Dawa ya usingizi humlaza mlinzi huyo pia, na chakula kikipanda kutoka tumboni huingia mapafuni bila mtu kukohoa. Utasema babako atachomwa ganzi ya mgongo, hatalazwa. Ni kweli, lakini mara chache ganzi hugoma au upasuaji hurefuka, na hapo hulazimika kulazwa kabisa. Kwa hiyo tunawafungisha wote.

Ila kufunga huku si kama saumu, na hapa ndipo familia nyingi huwatesa wazee wao bure. Kanuni inayotumika duniani ni saa sita bila chakula, zifike nane kikiwa cha mafuta mengi, na saa mbili tu bila maji. Tuseme zamu yake ni saa tatu asubuhi: chakula cha usiku mapema, na maji matupu au chai ya strungi hadi saa moja. Maziwa ni chakula, uji ni chakula, na dafu, ingawa ni maji ya Mungu, mara nyingi lina vipande vya nyama yake, basi liache. Hospitali nyingine bado huamuru "usiku wa manane, hakuna kitu". Mkiambiwa hivyo, mwulize sista: "Na maji je? Mzee ana sukari." Ni swali la haki na hakuna atakayekukasirikia. Omba pia awekwe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo. Wenye sukari hutangulizwa, lakini orodha huandikwa na binadamu.

Kuhusu huko kutetemeka, kuna kitu kinanisumbua. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari mpaka mtu atetemeke. Nenda kwenye mfuko wake wa dawa uangalie vikasha vyote. Sitashangaa ukikuta glibenclamide, dawa nyingine ya sukari, au dawa aliyogawiwa na rafiki pale gatini. Hiyo ndiyo humwangusha mtu akiwa na njaa. Kwa kawaida dawa za sukari za kumeza haziliwi asubuhi ya upasuaji, kwa kuwa hakuna chakula cha kuzipa kazi, ilhali amlodipine humezwa kama siku zote kwa funda moja la maji. Zipo dawa nyingine za presha ambazo madaktari hupenda ziachwe siku hiyo, na za kuyeyusha damu zina hesabu yake peke yake. Kwa hiyo usimwambie daktari "anakunywa za presha". Beba vikasha vyenyewe umwekee mezani. Na akitetemeka alfajiri ile, mpime. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au huna kipimo, mpe maji ya sukari, hata kama saa mbili hazijabaki, kisha mwambie muuguzi mara moja. Upasuaji unaweza kusogezwa. Ubongo hauwezi kungoja sukari.

Nimekwambia "mwambie muuguzi", na nitalirudia, kwa sababu katika miaka yangu zaidi ya ishirini kwenye vyumba vya upasuaji vya pwani hii, kilichoniogofya zaidi ni yale tuliyofichwa. Nakumbuka mzee mmoja mvuvi, tumeshamlaza juu ya meza, taa zimewashwa, sindano iko tayari. Naona kitu cheupe kwenye ndevu. Namfuta: makombo ya mahamri. Namwuliza, "Baba, umekula?" Ananijibu kwa upole, "Moja tu, mwanangu, na la pili nusu." Alikuwa amepewa na mkewe langoni, kwa huruma. Tulimrudisha wodini, akapasuliwa kesho yake, na familia ilinuna. Lakini hebu fikiri kama asingekuwa na ndevu.

Basi mwambieni mtaalamu wa usingizi kila kitu. Ikiwa anavuta, anakula kuberi, anatafuna miraa, anakunywa habbasoda na vitunguu saumu kila asubuhi, au ana jino linalocheza, aseme. Hatupo pale kumhukumu. Miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, baadhi ya dawa za miti shamba huzidisha kutoka damu, na jino lililolegea linaweza kung'oka na kumezwa. Sigara ikiachwa wiki nne kabla, kidonda hupona vizuri zaidi. Hamna wiki nne, lakini hata siku hizi zilizobaki zina faida. (Angekuwa ni mama yako, ningeongeza: asije na hina wala piko kwenye kucha. Kile kidude cha kubana kidoleni husoma hewa ya damu kwa kupitisha mwanga, na rangi nzito hukidanganya.)

Wanaume wetu hunyoa kinena kama sunna, na wengi huona adabu kuja hospitalini wakiwa wamenyoa usiku ule ule. Mwambie asifanye. Wembe huacha mikwaruzo usiyoiona, na vijidudu hulala humo hadi asubuhi, kinenani hasa palipo na jasho. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisisitiza hivyo tangu miongozo yake ya 2016: nywele ziachwe, au zikiwa zinazuia kazi, zipunguzwe hospitalini kwa mashine, si kwa wembe. Aoge tu kwa sabuni ya kawaida usiku na asubuhi, avae kikoi safi, pete na saa abaki nazo mwenye kumsindikiza.

Kabla ya kuingia atatia sahihi ya ridhaa. Akili zake ziko sawa, basi atie mwenyewe, wala usimfanyie haraka. Ndipo mpasuaji atakapomchora alama upande wa kulia kwa kalamu. Mkiona hajachorwa, semeni.

Ndani ataulizwa jina lake, na upasuaji gani, na upande gani, mara moja na mara ya pili na ya tatu, na watu tofauti. Asidhani wamesahau. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya ganzi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa kwanza katika hospitali nane za miji minane ya dunia, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, jirani zetu wa Tanzania. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakukuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Watu walisimama wakaulizana. Sehemu yangu katika orodha hiyo ni kuhesabu: vitambaa vya shashi, sindano, vyuma, kabla ya kuanza na kabla ya kufunga. Siku moja nilihesabu kitambaa kimoja pungufu. Mpasuaji alikuwa na haraka, akaniambia nimekosea. Nikahesabu tena, pungufu. Tukapekua shuka, ndoo, mapipa, mgonjwa bado yuko wazi. Mwisho msafishaji akakiona: kimeganda chini ya kiatu cha mpasuaji mwenyewe. Hakuna aliyecheka mpaka tulipomaliza kushona.

Sindano ya mgongo sasa. Mwambie mzee hivi: uti wa mgongo, ile kamba yenyewe ya neva, huishia karibu na pale kiuno kinapoanza. Sindano huingia chini ya hapo, ambapo ziko nyuzi za neva tu zikielea majini, na ncha ikizikaribia husogea. Miguu itakuwa mizito kama si yake kwa saa mbili hadi nne, kisha itarudi. Presha inaweza kushuka ghafla, akahisi kichefuchefu au baridi ya kutetemeka. Aseme hapo hapo, dawa iko mkononi. Atasikia kuguswa na kuvutwa, lakini hatasikia kukatwa.

Na rafiki yake wa barazani? Kidonda kidogo cha sindano huweza kuuma siku chache. Maumivu ya mgongo ya miaka mingi hayajaonekana kuwapata zaidi waliodungwa kuliko wasiodungwa. Watu wa umri ule huumwa migongo, na aliyewahi kudungwa ana cha kulaumu. Lililo la kweli ni kichwa: wachache hupata maumivu yanayozidi wakiketi na kupoa wakilala, zaidi vijana kuliko wazee. Daktari wa Kijerumani August Bier, aliyeianzisha njia hii mwaka 1898, alijaribiwa mwenyewe na kichwa kikamlaza kwa siku kadhaa. Sindano za leo ni nyembamba kuliko zake. Kulala chali bila mto, kama wengi wanavyolazimishwa, hakuzuii kichwa hicho. Kwa mzee mwenye presha na sukari na ngiri ya kawaida, kati ya kuchomwa mgongo na kulazwa usingizi, mimi ningemchagulia babangu mgongo. Wengine hutumia ganzi ya pale pale kinenani, na hiyo ni nzuri zaidi alipo mpasuaji aliyeizoea. Lakini anayeamua ni yule atakayemwona na kumpima.

Tufike jioni ile ya boti. Akirudi wodini tutampima presha mara kwa mara, tutatazama bendeji, tutangoja miguu. Kisha tutangoja jambo ambalo familia hulisahau: mkojo. Neva za kibofu ndizo za mwisho kuamka, na mwanamume wa miaka 66 huenda tezi dume yake imekwisha kukua kimya kimya. Kibofu kikijaa na kisifunguke ni mateso, na dawa yake ni mpira wa mkojo, kazi ya dakika chache kwa muuguzi. Sasa hebu mfikirie akiwa katikati ya bahari, magharibi imeingia, boti linadunda, kibofu kimejaa. Asitoke wodini kabla hajakojoa vizuri. Na usiku wa kwanza ndio ambao damu hupenda kuvuja, presha kuyumba na sukari kucheza. Alale mahali ambapo hospitali iko umbali wa mkokoteni au ambulansi.

Maji na chakula: akiwa macho kabisa na hatapiki, mpe maji, kisha chai, kisha chakula. Jirani yenu ana nia njema, ila ushauri huo ni wa zamani. Nyama mpya ya kidonda hujengwa kwa protini, na wapi pengine protini ni rahisi kama Faza? Mpe changu, mpe mayai, mpe kunde. Cha kupunguza ni mahamri na chai ya sukari tatu, kwa kuwa sukari ikipanda juu ya 10 askari wa damu hulegea na kidonda huoza. Mpime asubuhi na jioni wiki hiyo, na dawa zake za sukari arudie akianza kula, kama alivyoelekezwa. Papai, mboga na maji mengi ni kwa ajili ya choo, maana kujikamua ndiko kulikomfikisha hapa.

Asilale kama maiti. Jioni hiyo hiyo aketi, asimame, atembee hatua chache akishikwa, ili damu isigande miguuni. Akitaka kukohoa, ajikandamize mto pale kwenye mshono. Maumivu: parasetamoli vidonge viwili kila saa sita, visizidi vinane kwa siku, na avimeze kwa saa, asingoje yamzidie. Diklofenaki na ibuprofeni usimnunulie dukani. Mwenye presha na sukari figo zake hazizitaki. Kuswali aswali, lakini kwenye kiti, rukuu na sujudu kwa ishara kwa wiki za mwanzo. Udhu haumsumbui, kidonda kiko mbali na viungo vyake. Mzigo mzito, nanga, dumu la maji, kupanda punda: wiki nne hadi sita.

Bendeji ikae saa 48. Kwa muda huo ngozi ya juu huwa imeshajifunga, na maji safi ya kuoga hayawezi kuingia. Hivyo siku ya tatu aoge kwa kopo, apanguse kwa kugusagusa, pakauke. Asizame baharini wala kukaa ndani ya beseni mpaka pafunge kabisa. Usipake spiriti, wala asali, wala unga wa vidonge vya antibayotiki vilivyosagwa (naona bado wapo wanaofanya). Kama nyuzi si za kuyeyuka, hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 10. Utashtuka ukiona korodani imevimba na ngozi imepiga weusi: ni damu iliyoteremka chini, hufifia kwa wiki moja mbili. Chupi ya kubana humsaidia.

Uvimbe unaokua saa kwa saa huo ni mwingine. Huo, na damu inayolowesha bendeji tena na tena, homa ya 38 au zaidi, usaha au wekundu unaosambaa, kutapika bila kukoma, kukosa kukojoa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kubanwa pumzi, ni wa kurudi hospitali siku ile ile bila kunipigia mimi wala mwingine.

Yakienda vizuri, siku ya tatu au ya nne mnaweza kushika safari. Nendeni asubuhi bahari ikiwa shwari, mkae nyuma ya boti pasipodunda sana, na mto wake awe nao. Na mwulizeni nahodha mapema maji yatajaa saa ngapi, kwani mkikwama kwenye mchanga wa Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari mnaopitia, wa kushuka kusukuma asiwe babako. Namjua aina yake: atataka kushuka.